Laini Iko Muzuri

Kazi yangu ni kuchelewesha. Watu wakisikia niko kwenye kampuni ndogo ya intaneti hapa Bunia, hudhani ninaharakisha mambo, na huwa siwasahihishi, maana ukweli hauniongezei heshima. Kila kinachopita kwetu, iwe sauti ya mtu, mahubiri au video ya mpira, hukatwa vipande vidogo vidogo kabla ya kusafiri. Mimi ndiye ninayeipangia mashine: hiki kitoke sasa, hiki kisubiri, hiki kifuate. Nikipanga vizuri hakuna anayejua kwamba nipo. Nikipanga vibaya mtaa mzima wa Lumumba unajua, na mama yangu ndiye wa kwanza kupiga simu.

Intaneti yetu inatokea upande wa Uganda, inaingilia Aru, halafu inashuka hadi Bunia kwa kebo ya kampuni nyingine ambayo sisi tumeikodi. Tuna mashine moja Aru inayotuma kuja huku, na nyingine Bunia inayotuma kwenda kule. Wenye kebo wametupa kasi fulani, na kasi hiyo ina mpaka. Kipande kikifika pale wakati mpaka umeshavukwa, hawakiweki pembeni kisubiri zamu. Wanakitupa, hawaombi radhi, na wewe uliyekituma hujui mpaka mtu alalamike. Kwa hiyo ni juu yetu kujipima mapema, tutoe vipande kimoja nyuma ya kingine, tusiwape sababu ya kutupa.

Zamani laini ilikuwa ndogo, na mashine ya Aru iliimudu bila kutoka jasho. Kisha tukapata laini kubwa, ya kasi ambayo hapa mjini hatukuwa tumeizoea. Patron wetu, mwenye kampuni, alinunua soda kwa ofisi nzima. Wateja walishusha filamu, wakatusifu. Ila simu zinazopigwa kwa intaneti zikaanza kukatikakatika. Filamu ikipoteza kipande inaomba kitumwe tena, na mtazamaji hajui kitu. Sauti haina nafasi hiyo. Neno likipotea njiani, limepotea.

Wakati huohuo mdogo wangu alikuwa anataka kuolewa.

Kwa ukoo wa mama yangu, watu wa Djugu, msichana haolewi mpaka mjomba wake atoe neno. Baba anaweza kusema atakavyo, lakini neno ni la kaka wa mama. Mjomba anakaa kwenye kizingiti cha nyumba yake, mguu mmoja ndani na mwingine nje. Wageni wanasimama uani, wanapiga hodi, wanaeleza walichojia. Akikubali, anasema: "Mwenye kupiga hodi aingie." Asipokubali, hasemi kitu. Kwetu kumwambia mgeni hapana usoni ni aibu kuliko kumnyima chakula, kwa hiyo mjomba hutazama mbali tu mpaka wageni wenyewe waelewe na kuaga. Wanaruhusiwa kurudi mara moja tu. Wakinyamaziwa tena, mambo yameisha, na hakuna ugomvi. Nilipokuwa mtoto niliona hiyo ni adabu nzuri kupita zote. Nilipokua nikaanza kudhani ilibuniwa na mtu mwoga.

Mjomba aliyebaki ni mmoja, noko kama tunavyomwita, na anaishi Aru. Alikimbia vita kijijini kwake Djugu pamoja na wengine wengi, akaenda kupanga chumba kule karibu na mpaka. Safari ya kumfikia si ya kwendea kila shughuli, basi wazee wa pande zote mbili walikubaliana kwamba neno litolewe kwa video. Haliandikwi na haliletwi na mjumbe, ila mjomba akionekana na kusikika, wakasema, yupo. Wazo lilikuwa langu. Nililitetea kwa maneno mengi ya kitaalamu, na hakuna aliyeyaelewa, kwa hiyo hakuna aliyeyapinga.

Jumamosi iliyopangwa, Samedi kwa lugha ya hapa kwetu, mchumba alikuja nyumbani kwa mama pamoja na baba yake. Mchumba ni seremala. Ni mtu wa maneno machache na penseli sikioni, hata siku ya kuposa aliisahau hapo hapo sikioni. Tuliiegemeza simu kwenye thamosi ya chai. Uso wa mjomba ukaonekana, ukaganda mdomo wazi, ukarudi. Salamu zake zilifika vipandevipande, mwanzo wa neno bila mwisho wake. Baba wa mchumba alisimama, akapiga hodi kwa mdomo, akasema alichojia, na alisema vizuri. Halafu tukangoja. Picha iliganda tena, mjomba akitazama pembeni. Ikaachia kidogo, ikaganda. Hatukusikia kitu. Mwishowe simu ilikatika yenyewe.

Baba wa mchumba alimaliza chai yake bila haraka, akachukua kofia.

"Tumesikia, mama," alimwambia mama yangu. "Tutarudi Samedi inayokuja, sawa vile desturi inasema."

Walipotoka tu, mdogo wangu alilipuka.

"Bamesikia nini? Hakuna mutu alisikia kitu! Ni koneksyo njo ilikatika!"

"Kimya ni kimya," mama alisema.

"Basi piga simu kwa noko, umuulize."

"Kumuuliza pembeni ni kumusukuma mugongo. Neno ya kusukumwa haina nguvu. Siwezi."

Nilimjua mama. Akisema hawezi, hata mchungaji hamgeuzi. Mdogo wangu alinigeukia mimi mkubwa wake, yaya kwa lugha ya nyumbani, macho yamejaa machozi ambayo hakutaka yaanguke mbele yetu.

"Yaya, weye njo mwenye koneksyo. Tengeneza."

Nikamwambia nitatengeneza. Sikuwa na shaka kabisa kwamba kosa ni la laini.

Jumatatu nilimwendea patron. Ofisini kwake kuna skrini ukutani inayochora matumizi yetu, mstari wa kijani chini na mstari mwekundu wa mpaka juu. Wa kijani ulikuwa umelala vizuri, mbali na ule mwekundu.

"Ona courbe," alisema, akiuonyesha mstari wa kijani. "Iko plate. Haigusi limite hata kidogo. Weye unatafuta nini tena?"

Hakuwa amekosea. Mstari ulisema kweli, lakini ulisema wastani wa dakika tano nzima. Ni kama kusema familia fulani ilikula vizuri mwezi huu; hujaambiwa ni siku gani walilala njaa. Kwenye laini ya kasi dakika tano ni umri mrefu. Mambo yanayoua sauti ya mtu huanza na kwisha kabla hujapepesa jicho.

Nikaiagiza mashine ya Aru iandike wakati wa kutoka wa kila kipande, kwa kipimo cha sehemu ya milioni moja ya sekunde. Iliandika kwa muda mfupi tu, ikanipa kazi ya kusoma mchana kutwa. Nilichokiona hakikuwa mpangilio. Vipande vilitoka kundi zima kwa pamoja, vimebanana, kisha pakawa patupu, kisha kundi jingine, kisha patupu tena. Ukijumlisha vyote na kugawa kwa muda, hesabu ilikuwa sawa hadi unywele. Lakini mwenye kupika anajua: chupa ya mafuta ya mawese ukiimiminia polepole inapokea yote, na ukiyamwaga mafuta yale yale kwa mara moja, nusu yanakwenda chini.

Sababu yake ilinichukua siku nyingine kuielewa. Mashine ile haikai macho. Inaamshwa na saa yake ya ndani, inaangalia ni vipande gani vimefikia wakati wa kutoka, inavitoa, inalala tena. Kwenye laini ndogo kila ilipoamka ilikuta kipande kimoja kinangoja, ikakitoa, kazi ikaenda. Kwenye laini kubwa, katika usingizi ule ule mfupi, vipande vingi vilikuwa vimeshafikia zamu yao. Ikiamka inavisukuma vyote kwa pamoja kwenye kebo. Juu ya hayo, kadi inayoiunganisha na kebo ilikuwa na tabia yake yenyewe ya kuvifunga vipande mafungu ili kupunguza kazi. Wenye kebo walipoona kundi limewafikia ghafla walitupa mkia wake. Na mkiani ndiko sauti zilikokuwa, vipande vidogo vyembamba nyuma ya filamu za watu.

Nikaizuia kadi isifunge mafungu. Nikapunguza kiasi ambacho mashine inaweza kutoa kwa kuamka mara moja, nikaifanya iamke mara nyingi zaidi, na kila kipande nikakipa wakati wake chenyewe wa kutoka. Sauti nikazitanguliza mbele ya filamu. Mwishowe nikaushusha mpaka wetu chini kidogo ya ule tulioahidiwa, ili tukikosea kidogo tusikose sana. Mwenzetu wa Aru alipiga simu kulalamika kwamba mashine imepata moto na feni yake inapiga kelele. Nikamwambia aifungulie dirisha.

Patron ndiye hakufurahi.

"Batu bametupatia yote, weye unarudisha?"

"Patron, haba na haba hujaza kibaba."

"Proverbe haiwezi kutuliza client."

Lakini alitoa simu yake, akampigia kwa video shemeji yake aliyeko Kampala, mbele yangu. Walizungumza habari za ng'ombe na za mtoto aliyeota jino. Alipomaliza aliirudisha simu mfukoni na kusema niache hivyo hivyo.

Ijumaa niliiambia mashine iandike tena. Nafasi kati ya kipande na kipande zilikuwa sawa, ukurasa baada ya ukurasa. Nilifurahi. Nasema wazi, kwa sababu furaha hiyo hakuna mtu wa kushiriki nami: ni furaha ya kunyoosha kitu kilichopinda ambacho hakuna atakayekiona, si kabla wala baada.

Jumamosi wageni walirudi. Viti vile vile, thamosi ile ile. Mdogo wangu alikuwa amesuka nywele upya na hakula tangu asubuhi. Mimi nilikuwa na kompyuta magotini, ikinionyesha kama kuna kipande chochote kinachopotea kati ya Aru na sisi.

Mjomba alitokea kwenye simu kama aliyekaa nasi chumbani. Tuliona mvi za kidevuni mwake. Tulimsikia kuku nyuma yake, na redio ya jirani, na sufuria iliyoangushwa mahali fulani. Alimsalimu kila mtu kwa zamu, akauliza habari za goti la mama, akamtania baba wa mchumba kuhusu kofia yake. Mdogo wangu alinitazama na kutabasamu kwa mara ya kwanza wiki ile.

Baba wa mchumba alisimama, akapiga hodi, akasema alichojia.

Mjomba akatazama pembeni.

Kuku aliendelea kupekua. Redio ikabadilisha wimbo. Mjomba alimeza mate, na tulisikia hata hilo. Niliangalia kompyuta nikitafuta kosa. Nilitamani kwa moyo wote feni ya Aru isimame, kebo ikatwe na jembe la mtu, umeme uondoke. Hakuna kilichopotea. Kila kitu kilikuwa kinafika, na kilichokuwa kinafika ni kimya.

Baba wa mchumba aliishika kofia yake.

"Yaya," mdogo wangu alisema, akiigeukia kompyuta yangu. "Ni koneksyo?"

Wote walinigeukia. Nilielewa ananiomba nini. Ningesema ndiyo, siku hii isingehesabiwa, wangerudi tena, na hakuna mtu katika chumba kile ambaye angeweza kunibishia. Nilimpenda mdogo wangu kuliko nilivyopenda kebo yoyote. Hata hivyo kila nikifikiria kusema ndiyo nilimwona Jumamosi inayofuata amekaa pale pale, nywele zimesukwa upya, akisubiri kimya kile kile.

"Hapana," nilisema. "Laini iko muzuri. Yote inafika."

Nilisahau kwamba kama sisi tunamsikia yeye, yeye pia anatusikia. Mjomba alirudisha uso kwenye simu. Akacheka kidogo, kicheko cha mtu aliyenaswa.

"Mupwa wangu, sema kweli. Iko muzuri?"

"Iko muzuri, noko."

"Basi leo hakuna fasi ya kujificha." Alijipangusa uso kwa kiganja. "Samedi ingine pia nilinyamaza. Koneksyo ilipokatika, nilishukuru Mungu."

Mama alisogea mpaka akaifunika karibu skrini yote. "Kaka yangu, unakatalia mutoto?"

"Sikatalie mutoto. Na huyu kijana, sikatalie ye. Lakini neno inatokea mulangoni, na miye sina mulango. Yangu ilibaki Djugu. Hapa niko na pazia tu."

Akaigeuza simu. Tuliona uwazi ukutani na kitambaa cha maua kimefungwa kwenye misumari miwili. Upepo ulikiinua, ukakiacha.

"Nani anaweza kupiga hodi kwa pazia?" aliuliza.

Mama alijifunika mdomo kwa kitenge. Mimi niliona haya kwa lile neno mwoga nililokuwa nimelibeba kichwani miaka yote, na pia nilimkasirikia, kwamba ameacha mtoto wa watu akae roho juu wiki nzima kwa ajili ya kizingiti. Hisia zote mbili zilikuwa za kweli na hakuna iliyoiondoa nyingine.

Mchumba ndiye aliyejibu. Hakuwa amesema neno siku zote mbili, kwa kuwa desturi haimpi nafasi ya kusema. Aliinama mbele ya simu.

"Muzee, hiyo tundu ya mulango iko na upana gani?"

"Upana?"

"Ndiyo. Na urefu. Kama haiko na mètre, pima na mukono."

Mjomba aliiweka simu chini, na kwa dakika chache tuliona dari tu na kumsikia akihesabu shibiri ukutani. Mchumba alitoa penseli sikioni, akaandika kwenye kiganja. Alimwomba mjomba auonyeshe mkono wake karibu na kamera, aone ni mkono wa ukubwa gani, akaulinganisha na wake. Baba yake alirudi kukaa na kuweka kofia gotini. Nikajua hawaagi.

Mbao za mlango wa mjomba zilitoka upande wa Komanda. Mlango ulipokwisha nilikwenda kuutazama karakanani, mlango wa kawaida kabisa, wenye komeo na bawaba mbili. Ulipakiwa kwenye lori la kwenda Aru, umelazwa juu ya magunia ya maharage na kufunikwa turubai. Mchumba, baba yake na mama yangu walipanda lori hilo hilo. Mama aliniambia baadaye kwamba kwenye kila kizuizi walilazimika kueleza ni mlango wa nini, na kila mara waliaminiwa mara moja, kwa sababu hakuna anayetunga uongo kama huo.

Mdogo wangu alibaki. Msichana haendi kusikia neno lake mwenyewe likitolewa uani kwa mjomba. Kuhusu simu, hata hivyo, wazee wa zamani hawakuacha amri yoyote. Tulikaa wawili nyumbani kwa mama, alasiri, thamosi mbele yetu, kompyuta magotini mwangu.

Kwanza tulimsikia mjomba akilalamika.

"Inafungukia upande mubaya. Ukifungua unagonga kitanda."

Tulisikia bawaba zikitolewa, nyundo ikipiga, mchumba akisema pole muzee, nyundo tena. Mdogo wangu alicheka na kujikunja kwa wasiwasi kwa wakati mmoja. Kisha kelele ziliisha. Mama, aliyeshika simu kule, alirudi nyuma, na tukaona uwanja wote: mlango mpya mweupe wa mbao isiyopakwa rangi, mjomba ameketi kizingitini, mguu mmoja ndani, mguu mmoja nje. Baba wa mchumba akasimama mbele yake, akainama, akagonga ubao kwa kidole.

"Hodi."

Mjomba alitazama mbali.

Mdogo wangu alinishika kifundo cha mkono akanibana mpaka nikaumia. Nilitupa jicho kwenye kompyuta, kwa mazoea. Laini ilikuwa nzuri. Kimya kilikuwa chake mjomba na hakikutuhusu, na safari hii tulimwachia.

"Mwenye kupiga hodi aingie," alisema.

Kule walipiga vigelegele. Huku mdogo wangu aliulaza uso mezani, mabega yakimtikisika. Wageni walimpita mjomba mmoja mmoja wakainama na kuingia, na uani hakubaki mtu. Ndipo mjomba akaiomba simu kwa mama. Uso wake ulijaa kwenye skrini, halafu ukaondoka, ukaja ule mlango, karibu sana, tukaona mpaka nyuzi za ubao. Akaufunga. Akaufungua. Akaufunga tena polepole, bawaba zikalia kwa muda mrefu, na komeo likaingia mahali pake.

"Munasikia?" aliuliza.

Mdogo wangu aliitikia kwa kichwa. Nilijibu mimi kwamba tunasikia, noko, yote.